Kiongozi wa Upinzani, Ghorofa ya Nne

Ijumaa, 9 Mei 2014

Nimeshindwa. Uchaguzi wa mwenyekiti wa chama chetu umefanyika leo sebuleni kwa Gakii, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, juu ya kafeteria ya Wahindi wa Kerala. Wakenya na Waganda tulijaa hadi jikoni. Njenga amechaguliwa tena. Mimi nimepata kura mbili, moja yangu, nyingine ya mtu aliyekuwa anajinyoosha mikono.

Njenga na mimi tulikuja Doha na ndege moja. Tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Leo yeye ni dereva wa hoteli, anaongea Kiarabu kama aliyenyonya nacho, na kila mtu akipatwa na jambo humpigia yeye. Mimi ni askari wa geti. Ndiyo maisha.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Mwaka jana, Kenya ilipopata Seneti, nasi tuliona tusipitwe. Tukaandika katiba mpya yenye mabaraza mawili. Baraza la Chini ni wanachama wote. Baraza la Juu ni sisi wachache tuliozeeka hapa Doha. Humo mtu haingii kwa kura, anaingia kwa miaka, na miaka ninayo. Na katiba inasema Baraza la Juu litakuwa na Kiongozi wa Upinzani. Hakuna aliyewahi kukitaka cheo hicho. Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyepinga. Wengi walikuwa wameanza kuvaa viatu.

Nimempigia mke wangu huko Kimilili kumpa habari. Akauliza cheo hicho kina nini ndani yake. Nikamwambia kina heshima. Akasema basi heshima hiyo iulizwe lini itanirudisha nyumbani.

Jumapili, 11 Mei 2014

Kazini. Geti la makazi ya wakubwa, upande wa magari. Nainua mti wa kuzuia magari, nashusha mti. Vioo vya magari havishuki. Msimamizi amepita na kuniita "wewe, geti mbili". Nikasema ndiyo bwana. Anayo karatasi yenye jina langu mfukoni, lakini mbona ajisumbue.

Nimepata nafasi ya kuutafakari wajibu wangu. Kiongozi wa Upinzani katika Baraza la Juu si adui wa serikali. Ni breki yake. Baraza la Chini lina damu moto, likiamka linataka kila kitu leo. La Juu linakaa, linapoza, linauliza. Na mimi ninayo silaha moja, imo katika kanuni. Upinzani ukipinga hoja, hoja hiyo inangoja kikao kijacho. Siwezi kuiua. Naweza kuichelewesha tu. Silaha kubwa sana mkononi mwa mtu mwenye hekima.

Nimeunda baraza kivuli la mawaziri. Waziri kivuli wa misiba: mimi. Wa michezo: mimi. Wa mapokezi uwanja wa ndege: mimi, kwa muda. Kinachokosekana ni wafuasi.

Ijumaa, 16 Mei 2014

Kikao cha kwanza! Wengine walitoka kanisani Mesaimeer, wengine msikitini, tukakutana saa ya alasiri. Gakii ndiye spika wetu. Ni nesi, ana sauti ya kumkalisha mgonjwa yeyote. Serikali ilikalia sofa kubwa. Mimi nilichukua kiti cha plastiki upande wa pili, chini ya kiyoyozi, ili nitazamane nao ana kwa ana.

Nilidhani nitakaa peke yangu. Kumbe hapana. Dada Milka alikuja na kiti chake, akakiweka kando ya changu, akaketi, akafumba macho. Milka ni mama wa kutoka Nyamira, mtu mzima, amefanya kazi ya nyumbani Al Rayyan miaka mingi kuliko wengi wetu. Hasemi sana. Lakini amekuja upande wangu bila kuitwa! Upinzani sasa ni chama, si mtu. Nikamteua papo hapo kuwa Kiranja wa Upinzani. Akafumbua macho na kuuliza kama kiranja anaruhusiwa kutoka mapema, maana dereva wa kwao humfuata kabla ya magharibi. Nikasema anaruhusiwa.

Serikali ilileta hoja ya kununua chupa kubwa ya chai. Nilipinga. Nilieleza kwamba leo ni chupa, kesho ni jiko, keshokutwa ni hoteli. Gakii akafungua kanuni, akasema hoja itangoja wiki ijayo. Nilihisi joto tamu kifuani. Kisha Njenga akasema, kwa kuwa hakuna chupa, chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, iletwe kutoka kafeteria, na aliyepinga ndiye atakayeshuka kuileta. Watu wakacheka. Hata Gakii.

Nikasusia kikao. Nilitoka kwa hatua nzito, nikafunga mlango. Lifti imeharibika. Huko nje jua lilikuwa kama mdomo wa tanuri. Nilisimama mbele ya kafeteria nikingoja waje kunibembeleza. Hakuna aliyekuja. Baadaye nikapanda tena na chai, maana nilikuwa nimeshafika huko hata hivyo.

Jumatano, 21 Mei 2014

Milka amenipigia simu mchana nikiwa getini. Mama yake mzazi ni mgonjwa. Kifua kimejaa maji, kaka zake wamemtoa hospitali kwa sababu daktari amesema akae na watu wake. Mzee wa watu anamtaja Milka kutwa. Anauliza kama amefika.

Milka anataka kwenda. Lakini mkataba wake haujaisha hadi mwisho wa mwaka, na bila kafili, mwajiri anayekudhamini, kutoa khuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini, huwezi kupanda ndege hata mzazi wako awe anakata roho. Anaogopa kumwambia Umm Khalid, mwenye nyumba. Ramadhani inakaribia, kazi ni nyingi, na mwenzake aliyemtangulia aliomba ruhusa akaambiwa angoje. Kwa hiyo alimpigia Njenga. Njenga amemwahidi kwamba yeye na Gakii watakwenda Jumamosi kumsemea.

Nikamkumbusha kanuni. Hakuna kwenda mlangoni kwa mwajiri kwa jina la chama bila idhini ya Baraza la Juu. Kanuni yenyewe si mbaya. Kuna mtu aliwahi kwenda kumfokea kafili wa msichana mmoja, akidhani anamsaidia, na msichana akapoteza kazi. Milka akasema anaijua, na Njenga ataleta hoja Ijumaa.

Nilimpa pole ya dhati. Nikamwambia kiongozi wake yuko. Ila baada ya kukata simu nikaumia kidogo. Kwa nini alianza kwa Njenga? Si mimi ndiye niliyemfanya kiranja? Nilimpigia tena kumuuliza. Akasema ni kwa sababu Njenga anajua Kiarabu. Hata mimi nakijua. Najua yalla, khalas, bukra na mafi mushkila, yaani twende, imekwisha, kesho na hakuna shida. Nchi nzima inaendeshwa kwa maneno hayo manne.

Ijumaa, 23 Mei 2014

Siku nzito. Naandika nikiwa nimetulia.

Njenga alileta hoja ya Milka. Wajumbe wawili, yeye na Gakii, waende Al Rayyan kesho. Nikasimama. Nikasema upinzani unaunga mkono kiini cha hoja. Ila ujumbe wa chama hauwezi kuwa wa serikali tupu. Wajumbe wawe watatu, na wa tatu awe Kiongozi wa Upinzani, kwani mwenye shida ni kiranja wangu mwenyewe.

Njenga akajibu kwa upole, na upole wake ndio hunichoma. Alisema nyumba za watu haziendewi na kundi. Mwanamke mmoja wa kuongea na Umm Khalid, na mtu mmoja wa Kiarabu, basi. Akasema tena, bila kunitazama, kwamba hapa si mahali pa kutafuta cheo.

Mbele ya watu wote. Mimi, kutafuta cheo!

Nikapinga hoja. Gakii aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaniuliza mara ya pili. Akafungua kanuni, akasoma, akasema hoja itangoja Ijumaa ijayo. Njenga alishika kichwa.

Nikamgeukia Milka. Nilimnong'oneza kwamba asione vibaya, wiki moja si kitu, na tukienda tutakwenda kwa uzito unaostahili.

"Sawa, Baba Nafula," alisema. "Wewe ndiye unajua mambo ya baraza."

Mikono yake ilikuwa magotini, imelala kama glavu zilizovuliwa. Dereva alipopiga honi huko chini aliondoka bila kunywa chai.

Jumatatu, 26 Mei 2014

Gakii amenipigia akiwa mapumzikoni wodini. Hakunisalimu. Alitaka nimpigie Njenga na kuondoa pingamizi, ili waende hata leo. Nikamweleza kwamba pingamizi lililowekwa kikaoni huondolewa kikaoni. Mimi nikianza kuondoa mambo kwa simu, upinzani utakuwa na maana gani?

"Maurice, wewe mapafu unayajua?" aliuliza. "Mapafu hayajui Ijumaa."

Akakata. Nilibaki na simu sikioni huku gari likipiga honi mbele ya mti.

Naungama kwamba maneno yale yalinikaa. Nilipotoka zamu nikafikiria kumpigia Njenga. Nikalitafuta jina lake. Kisha nikamwona akilini akinicheka na wenzake, akisema Maurice amelegea. Nikaweka simu.

Hata hivyo sikukaa bure. Nimeazima koti la Tony, Mganda wa chumba cha pili. Mikono mifupi kidogo. Nimeanza kujifunza hotuba fupi ya Kiarabu ya kumtolea Umm Khalid. Naisema chooni, ambako kuna kioo.

Ijumaa, 30 Mei 2014

Ushindi. Njenga mwenyewe amesimama na kusema wajumbe wawe watatu, Maurice awemo, twende kesho asubuhi. Hakuna aliyejadili. Hoja ilipita haraka kuliko sala ya chakula. Nilikuwa nimeandaa hotuba, sikupata pa kuisemea.

Milka alikuwepo. Amepungua. Anasema mama yake ameacha kula, sasa analoweshwa midomo kwa kitambaa. Bado anauliza. Kaka yake mkubwa amechoka kumdanganya kwamba Milka yuko njiani.

Nilimwambia sasa yuko njiani kweli. Akaniangalia kama mtu anayesikia kwa mbali.

Jumamosi, 31 Mei 2014

Al Rayyan. Sijui niandikeje.

Tulikwenda na teksi. Nyumba ni kubwa, ukuta mweupe, mtende mmoja mlangoni. Mtoto mkubwa wa nyumba, Khalid, kijana wa chuo kikuu, alitukaribisha kwenye majlisi, sebule yao ya wageni. Umm Khalid akaja akaketi karibu na Gakii. Mama mnene, mwenye miguu ya kumuuma, anashuka kitini polepole. Milka akaleta gahawa na tende.

Kabla Njenga hajafungua mdomo, nikasimama. Koti likanibana kwapani. Hotuba yote niliyojifunza ikaruka. Kilichotoka ni yalla, kisha khalas, kisha Milka, kisha mama, kisha bukra. Umm Khalid akashika kifua. Khalid akauliza, kwa Kiingereza, ni nani amekufa. Njenga akanivuta nikaketi, akaanza kueleza taratibu, na chumba kikarudi kupumua.

Umm Khalid alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwita Milka, akamwambia aketi, kwenye zulia lile lile alilolifagia asubuhi. Akamsemesha kwa ukali wa dada. Njenga alitutafsiria. Alimuuliza kwa nini alimficha. Akasema mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa safarini, na tangu siku hiyo hakuna anayemwomba ruhusa ya mzazi akamnyima. Yule mwenzake aliyetangulia alitaka kwenda harusini, ndiyo maana aliambiwa angoje. Milka alilia bila sauti, shela mdomoni.

Khalid akampigia baba yake. Ruhusa ilipatikana kabla gahawa haijapoa.

Halafu Umm Khalid akatugeukia sisi. Aliuliza tulijua tangu lini. Njenga akasema tangu wiki iliyopita. Akauliza kwa nini basi hatukuja.

Gakii alitazama kikombe chake. Mimi nikatazama zulia. Lina maua mekundu yanayofuatana. Nilingoja Njenga aseme ni huyu hapa. Angekuwa na haki.

"Tulikuwa na mikutano, mama," alisema Njenga. Kwa Kiarabu, lakini hata mimi nilielewa.

Nimemrudishia Tony koti lake. Ndege zimejaa, shule zinakaribia kufungwa. Nafasi ya karibu ni Jumanne.

Jumatatu, 2 Juni 2014

Mama yake Milka amefariki leo alfajiri.

Njenga alinipigia nikiwa getini, mwisho wa zamu ya usiku. Alisema tu, "Mzee ametuacha." Hakukata simu, nami sikukata, na kwa muda ilikuwa kama zamani, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, taa imezimwa, kila mmoja anajua mwenzake hajalala.

Gari likaja. Nikainua mti. Jingine. Nikainua.

Baba yangu alizikwa nikiwa kwenye geti hili hili. Ndugu yangu aliweka simu karibu na kaburi nisikie. Nilisikia upepo, nikasikia wimbo, nikasikia mtu akiuliza kama salio litatosha. Sauti ya mchanga ndiyo sikuisikia, kwa sababu basi la wafanyakazi lilisimama mbele yangu na dereva alitaka kibali. Nilimwandikia. Nilipoweka simu sikioni tena, watu walikuwa wanaongea mambo ya chakula.

Kwa hiyo mimi najua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi mchana wa leo. Nilikuwa najua.

Jumanne, 3 Juni 2014

Uwanja mpya wa ndege. Umefunguliwa juzi tu, unang'aa mpaka unaona aibu kukanyaga. Tulimsindikiza Milka watatu, Njenga, Gakii na mimi, nimebadilishana zamu. Umm Khalid alimpa sanduku la nguo za kugawa nyumbani na blanketi jipya. Blanketi lilinunuliwa kwa ajili ya mama yake Milka, akiwa bado hai. Hakuna aliyejua la kulifanyia. Milka alilibeba mkononi.

Nilikuwa nimepanga cha kumwambia. Nilitaka kusema pole. Lakini kinywa kimezoea njia yake, nikajikuta nimeanza kwamba kama Kiongozi wa Upinzani, na kwa niaba ya chama. Gakii akageuka upande mwingine.

Milka aliniwekea mkono begani. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Baba Nafula, mimi sikuwa upinzani," alisema. "Nilikuwa nakaa pale kwa sababu ya kiyoyozi. Jikoni kuna joto sana."

Nikasema naelewa.

"Ile wiki," akasema, "ningemkuta."

Alipanga foleni, blanketi kwenye mkono wa kushoto, pasipoti wa kulia. Alipofika kwa askari wa pasipoti alijaribu kuishika ile pasipoti kwa meno ili ashike blanketi vizuri. Kisha akapita, na vioo vya pale havionyeshi mbali.

Njenga alinunua chai tatu. Yangu ilinishinda.

Ijumaa, 6 Juni 2014

Kikao cha maombolezo. Gakii aliweka picha ya marehemu iliyotumwa kwa simu, bibi mwembamba aliyeketi kwenye kigoda mbele ya migomba, amekunja uso kwa jua. Tuliimba. Waislamu wetu wakasoma Fatiha. Kiti cha Milka kilikuwa mahali pake na hakuna aliyekikalia.

Njenga alisimama, akaleta hoja moja tu. Kanuni irekebishwe. Jambo la ugonjwa au kifo lisingoje kikao. Mwenyekiti na spika wakikubaliana, waende siku hiyo hiyo. Hakutaja jina la mtu. Alisema kila mmoja wetu hapa ana mzee nyumbani, na simu hulia wakati wowote.

Gakii akauliza kama kuna pingamizi. Nilihisi macho yote yananijia, hata ya wale waliokuwa wameinama. Nikatikisa kichwa. Hakuna pingamizi.

Kwa kuwa ni marekebisho ya katiba, lazima yasomwe mara ya pili Ijumaa ijayo ndipo yaanze kazi. Baada ya kikao watu walinishika mkono. Njenga alinishika mkono. Akaniambia nimefanya jambo la kiume, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilipofika nyumbani nikavuta pazia la kitanda changu, nikalia kama mtoto. Tony aliongeza sauti ya redio ili nisione haya.

Jumatano, 11 Juni 2014

Nilimpigia Milka. Wamezika jana. Alitupa udongo kwa mkono wake. Anasema mvua ilinyesha na watu walikuja wengi. Blanketi walimfunika nalo mama ndani ya jeneza, kaka yake alisema aende nalo, lilikuwa lake. Sauti ya Milka ilikuwa nyembamba. Hajui kama atarudi Doha. Umm Khalid anamngoja, lakini yeye anasema miguu imekataa.

Nilimwambia sitamsahau. Nilimaanisha. Nimekaa kitandani mchana kutwa nikifikiria nifanye nini kitakachobaki. Na nimelipata. Ile kanuni mpya. Iitwe Kanuni ya Milka. Na isiwe kanuni ya kubahatisha, iliyoandikwa na mtu mwenye huzuni ndani ya dakika chache. Iwe imara, isiyo na tundu hata moja. Hilo ndilo deni langu kwake.

Nimeanza kuisoma neno kwa neno.

Ijumaa, 13 Juni 2014

Nimelala vizuri jana, mara ya kwanza tangu msiba. Mtu akiwa na kazi ya maana hupona.

Kikaoni marekebisho ya Njenga yalisomwa mara ya pili. Kila mtu alikuwa ameshanyoosha nusu ya mkono. Nikasimama. Nikawaambia kwamba hakuna anayeitaka kanuni hii kuliko mimi. Ila inasema "ugonjwa". Ugonjwa gani? Mafua ni ugonjwa. Jino ni ugonjwa. Na "mzee" aliyemtaja Njenga ni nani, mzazi tu, au hata shangazi? Na kwa nini mwenyekiti na spika peke yao, upinzani uko wapi? Nikapendekeza iitwe Kanuni ya Milka, iandikwe upya na kamati, na mimi niwe mwenyekiti wa kamati hiyo. Sauti yangu ilitetemeka nilipotaja jina lake. Haikuwa maigizo.

Gakii aliniita kwa jina langu lote. Akaniuliza kama napinga. Nikasema sipingi, naboresha. Akasema kanuni haina neno kuboresha. Nikasema basi napinga, kwa nia njema. Njenga alisimama, akaenda dirishani, akakaa ametupa mgongo. Hajakomaa kisiasa. Anadhani kila swali linamlenga yeye.

Kwa hiyo hoja itangoja Ijumaa ijayo, na kanuni ya zamani inaendelea kutumika mpaka hapo.

Mara tu baada ya hapo Scovia akasimama, yule msichana wa Masaka anayefanya kazi ya nyumbani huko Mesaimeer. Mtoto wake amelazwa Uganda, homa imepanda kichwani. Anaomba watu wawili wakamsemee kwa kafili wake kesho. Njenga aligeuka kutoka dirishani, akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimhurumia sana, nani asingemhurumia? Lakini itakuwaje siku ile ile ninayotetea Kanuni ya Milka nikubali mambo ya mbio mbio? Tukitaka kumheshimu Milka, tufanye mambo kwa utaratibu. Niliomba hoja ya Scovia iletwe pamoja na kanuni mpya, zipite kwa pamoja, kwa uzito unaostahili.

Nilimfuata Scovia mpaka kwenye ngazi nikamwambia asiwe na wasiwasi, kiongozi wake yupo. Ijumaa si mbali.